Rambirambi Zisizojeruhi: Kuandika Mtandaoni Mtu Mashuhuri Anapojiua

Tarehe 23 Mei 2020, Hana Kimura, mwanamieleka wa Japani mwenye umri wa miaka 22, alifariki dunia kwa kujiua. Watazamaji wengi walimfahamu kupitia Terrace House, kipindi cha televisheni kilichoonyesha maisha ya vijana waliokaa pamoja katika nyumba moja jijini Tokyo. Katika sehemu moja ya kipindi hicho alionekana akimfokea mwenzake kwa sababu vazi lake la mieleka lilikuwa limeharibika katika kufuliwa. Sehemu hiyo ilitolewa Netflix mwishoni mwa Machi, kisha ikarushwa na kituo cha Fuji siku chache kabla ya kifo chake. Matusi yalimmiminikia mitandaoni, na wapo waliothubutu kumwuliza atakufa lini.

Mama yake, Kyoko Kimura, ambaye naye alikuwa mwanamieleka, alipigania mabadiliko ya sheria. Mwaka 2021 mtu mmoja kati ya waliomtukana binti yake alitozwa faini ya yeni 9,000 tu. Juni 2022 Bunge la Japani liliongeza adhabu ya kosa hilo hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini isiyozidi yeni 300,000.

Sheria hiyo inamgusa anayetukana. Haimgusi mtu mwema anayeshika simu baada ya msiba akaandika kwa uchungu, bila kujua kwamba maneno yake yaweza kumdhuru msomaji asiyemfahamu. Huyo hahitaji adhabu, anahitaji maarifa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la BMJ ulionyesha kwamba, baada ya vyombo vya habari kutangaza kujiua kwa mtu mashuhuri, vifo vya aina hiyo viliongezeka kwa asilimia 13 katika mwezi mmoja hadi miwili iliyofuata. Pale njia ya kifo ilipotajwa, vifo kwa njia hiyo hiyo viliongezeka kwa asilimia 30. Mtu aliyekwisha kulemewa hujilinganisha na marehemu, hasa akiwa wa rika lake au mwenye shida zinazofanana na zake. Siku hizi habari hiyo haimfikii kwa gazeti na redio peke yake. Humfikia pia kwa simu, kutoka kwa ndugu na rafiki, mara hamsini kwa siku.

Kwa hiyo, kila anayeandika kuhusu msiba wa namna hii akumbuke kwamba ana wasomaji wa aina mbili asiowaona: wafiwa, na mtu ambaye usiku ule ule anafikiria kuyakatisha maisha yake.

Jambo la kwanza ni kutotaja njia, mahali wala maneno ya mwisho ya marehemu, na kutosambaza picha za tukio. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Baadhi ya vitenzi tuvitumiavyo kila siku kuelezea kujiua hubeba njia ya kifo ndani yake, hata mwandishi akaitaja bila kukusudia. Inatosha kusema kwamba mtu "amefariki dunia kwa kujiua". Vilevile, haifai kusema kwamba fulani "alifaulu" au "alishindwa" kujiua, kana kwamba kifo ni mtihani wa kufaulu na kunusurika ni aibu.

La pili ni kupima rambirambi zilizozoeleka. "Amepumzika" ni neno la faraja katika msiba wa mgonjwa aliyeugua muda mrefu. Kwa kijana aliyechoka na maisha, neno hilo hilo laweza kusomeka kama mwaliko. Upande wa pili wako wanaosema kwamba marehemu alikuwa mwoga, au alikosa imani. Hukumu hiyo haimfikii tena aliyekufa. Inamfikia aliye hai, nayo inamfundisha kuficha mawazo yake yasijulikane.

La tatu ni kujihadhari na sababu moja. Ni rahisi kuandika kwamba matusi ndiyo yaliyomwua Hana Kimura. Matusi ni madhara ya kweli na yanastahili kupingwa. Hata hivyo, kujiua hutokana na mambo mengi yanayokutana, yakiwemo maradhi ya akili kama sonona, upweke, na maumivu yanayoonekana hayana mwisho. Anayeambiwa kwamba matusi huua, naye anatukanwa kila siku, anaweza kudhani kwamba kifo ndicho hatima yake. Tena, kutafuta mkosaji huzaa kundi jipya la watukanaji wanaomwandama mtu mwingine kama alivyoandamwa marehemu.

Nini basi kiandikwe? Marehemu akumbukwe kwa kazi yake na utu wake, kuliko namna alivyokufa. Wafiwa wapewe pole bila kuulizwa maswali. Kisha iongezwe sentensi moja inayofungua mlango: kwamba maumivu haya yanatibika, na kwamba msaada upo. Mwaka 2010 watafiti wa Austria walieleza kwamba habari za watu waliopita katika dhiki kubwa wakaishinda zaweza kuwakinga wengine. Waliiita hali hiyo athari ya Papageno, kwa jina la mhusika katika opera ya Mozart ambaye alikata tamaa, akaokolewa na wavulana watatu waliomkumbusha kwamba bado ana njia nyingine.

Huenda chini ya rambirambi mtu akaandika, "Ninamwelewa," au "Ningekuwa mimi ningekwisha kuondoka." Maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha, wala yasijibiwe kwa mahubiri mbele ya umati, wala yasipigwe picha na kusambazwa. Mwandikie faraghani au mpigie simu. Mwulize waziwazi, kwa upole: "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu ya kusema alichokuwa amekibeba peke yake. Msikilize bila kumkatiza. Ikiwa ana mpango, au ana kitu cha kujidhuru karibu, asiachwe peke yake: atafutwe ndugu au jirani wa kukaa naye, kitu hicho kiondolewe, naye asindikizwe mara moja hadi hospitali.

Watumishi wa afya wana wajibu wa ziada, kwa kuwa neno lao huaminiwa. Wasitoe utambuzi wa ugonjwa wa mtu wasiyempima. Kama waliwahi kumtibu, siri yake haikomi kwa kifo. Katika wiki zinazofuata habari ya namna hii, ni vema kuwauliza wagonjwa wenye sonona, na waliowahi kujaribu kujiua, jinsi habari hiyo ilivyowagusa.

Na wewe msomaji, ikiwa habari hizi zimeamsha mawazo uliyokuwa ukiyazima, weka simu kando na umweleze leo mtu mmoja unayemwamini. Nenda naye katika kituo cha afya kilicho karibu. Huhitaji kupanga maneno mazuri. Sema tu: "Ninafikiria kujiua, nahitaji msaada." Mtumishi yeyote wa afya anapaswa kuanzia hapo.