Kompyuta Kazini (4): Kupekua faili mstari kwa mstari

Juma lililopita tuliandika faili. Leo tulipekue.

Mfikirie karani wa depo ya madini Musompo, nje ya Kolwezi. Kila gunia likishuka mizani, anaandika mstari mmoja: tarehe, lilikotoka, kilo, halafu "teneur", yaani asilimia ya kobalti, ambayo ndiyo inayopandisha au kushusha bei.

12/05;Kapata;51;3,5
12/05;Kasulo;48;10,2

Mwezi ukiisha, mistari ni maelfu. Bosi anataka magunia ya Kasulo peke yake. Kwa macho, kutwa nzima haitoshi. Kwa Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, amri ni hizi:

for mstari in open("mizani.txt"):
    if "Kasulo" in mstari:
        print(mstari)

Neno *for* ndilo linalofunga kitanzi. Kompyuta inashika mstari mmoja, inauangalia, inauacha, inashika unaofuata, mpaka faili liishe. Kwa kuwa haibebi faili zima kwa mkupuo, hata mashine kuukuu yenye kumbukumbu ndogo inaiweza kazi hii.

Utamu umeishia hapo. Bosi sasa anataka magunia yanayozidi asilimia 3. Karani anaukata mstari penye nukta-mkato, anachukua kipande cha mwisho, anakilinganisha na "3". Gunia la 3,5 linatokea; la 10,2, lile lenye pesa, halionekani! Sababu ni kwamba faili la maandishi halina namba, lina alama tu, na kompyuta inazipanga kama kamusi inavyopanga maneno: 1 iko mbele ya 3, basi 10,2 inahesabiwa ndogo.

Dawa ni kugeuza maandishi yawe namba kwa *float*. Lakini sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika desimali kwa mkato, na Python inataka nukta. Ikikuta 10,2 inagoma, na programu inasimama papo hapo. (Mimi naona heri igome kuliko kunyamaza na kumpotezea mtu gunia.) Badilisha mkato kwanza, ndani ya kitanzi kile kile:

sehemu = mstari.split(";")
teneur = float(sehemu[3].replace(",", "."))
if teneur > 3:
    print(mstari)

Aliyeandika KASULO kwa herufi kubwa atapatikana ukiushusha mstari wote kwa *lower()* na kutafuta "kasulo". Aliyeandika Kassulo, tutamtafuta juma lijalo.