Bima Inayopima Malisho

Januari 2010, wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza kuuziwa bima ya mifugo ya aina mpya, iliyobuniwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake. Tuitazame hatua kwa hatua.

Bima ya kawaida hulipa baada ya hasara kukaguliwa. Mkaguzi huufikia mzoga, huuliza chanzo cha kifo, ndipo fidia hukadiriwa. Katika nyika pana ambako mifugo huhamahama, gharama ya safari hizo huzidi ada anayoweza kulipa mwenye mbuzi ishirini.

Bima hii humwondoa mkaguzi. Picha za setilaiti hutumika kukadiria ukijani wa mimea katika kila eneo, kisha ukijani wa msimu hulinganishwa na wa misimu ya miaka iliyotangulia. Ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, hata asipofiwa na mnyama. Hivyo hakuna anayefaidika kwa kuzembea kutunza mifugo yake.

Hata hivyo, kinachopimwa ni eneo, na anayepata hasara ni mtu. Ng'ombe akifa kwa homa ya mapafu, bima hailipi. Mvua ikinyesha upande mmoja wa eneo, wastani huficha ukame wa upande wa pili. Na mti wa mathenge hubaki kijani hata nyasi zikikauka, hivyo setilaiti huona ukijani pasipo na malisho.

Jambo jingine ni wakati wa malipo. Mwanzoni fidia ilikusudiwa mifugo iliyokwisha kufa. Baadaye mikataba ilirekebishwa ili fedha zitoke mapema, mfugaji anunue majani, maji na dawa mnyama akiwa hai. Mpango wa serikali ulioanza 2015 katika kaunti za Turkana na Wajir ulifuata njia hiyo, serikali ikizilipia ada kaya zilizochaguliwa.

Mwisho, bima yoyote huhimili janga linalotokea mara chache. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Malipo yakizidi kurudiwa, ada lazima ipande, au serikali iongeze ruzuku.

Basi bima hii inafaa kumvusha mfugaji msimu mmoja mbaya, mradi fedha zimfikie mapema na majani yapatikane sokoni. Misimu mibaya ikifuatana, kinachookoa kundi ni akiba ya malisho na njia za kuhamia zisizofungwa. Serikali inayolipia ada huku ikiacha njia hizo zizibwe inanunua nusu ya kinga.