Bustani ya Debe Kambini

Nyumba nyingi za kambi zetu, za jeshi na za polisi, hazina kiwanja. Mlangoni ni saruji, na uwanja wa gwaride haulimwi. Hata hivyo mboga hununuliwa kila jioni, na mshahara haungoji mwisho wa mwezi.

Sisi tulianza kwa debe moja la mafuta ya kupikia. Tulilijaza udongo, tukapanda mchicha, tukasahau kulitoboa chini. Mvua ya wiki moja ikaugeuza udongo kuwa tope, mizizi ikaoza. Toboeni kwanza, ndugu askari, ndipo mchanganye udongo na samadi iliyokwisha kuoza. Debe lililobeba rangi au dawa ya wadudu lisitumiwe kamwe.

Penye nafasi, gunia huzaa zaidi. Huko Kibera, Nairobi, baada ya ghasia za mwanzo wa mwaka 2008, familia nyingi zilipanda sukuma wiki juu ya gunia na katika matundu ya ubavuni, nguzo ya mawe ya katikati ikipitisha maji hadi chini. Huchumwa majani ya chini, kilele kikaachwa.

Lakini gunia lililojaa halihamishiki. Debe hupandishwa lorini pamoja na vitanda siku ya uhamisho. Letu limekwisha kuhama mara mbili.