Simu janja isiyowaka

Simu janja isiyowaka ni simu ya mkononi ambayo, kitufe chake cha kuwasha kikibonyezwa, haionyeshi kitu kwenye kioo, au huishia kwenye nembo ya mtengenezaji bila kuendelea. Hali hiyo haimaanishi kwamba picha, namba za watu na ujumbe uliomo umepotea. Mara nyingi vitu hivyo bado viko ndani ya simu, na hupotea baadaye, wakati wa matengenezo, pale simu inapofutwa yote ili iwake upesi.

Katika Wilaya ya Lushoto na sehemu nyingine za Milima ya Usambara, simu imekuwa pia daftari. Mkulima wa kabichi, viazi au karoti huweka humo namba za wanunuzi wa Dar es Salaam na za madereva wa malori, picha za mizigo na ujumbe wa makubaliano ya bei. Familia huweka picha za watu wao, hata waliokwisha kufariki. Kwa hiyo gharama ya kufuta simu inaweza kuzidi bei ya simu yenyewe.

Mahali data inapokaa

Data nyingi hukaa katika hifadhi ya ndani, ambayo ni chipu ndogo iliyochomelewa kwenye bodi kuu ya simu. Hifadhi hiyo imegawanywa kama nyumba yenye vyumba. Chumba kimoja kina mfumo endeshi, yaani Android au iOS. Kingine kina vitu vya mwenye simu. Mfumo endeshi ukiharibika, chumba cha pili kinaweza kubaki kizima. Betri, kioo na tundu la chaji havihifadhi picha wala ujumbe, hivyo kuvibadilisha hakufuti data.

Zamani fundi aliweza kung'oa chipu na kuisoma kwa kifaa kingine. Kwa simu za sasa njia hiyo haisaidii, kwa sababu data husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo. Simu mpya zilizotoka na Android 10, toleo la mwaka 2019, au matoleo ya baadaye zinatakiwa kusimba data. iPhone nazo husimba. Ufunguo umefungamana na bodi ya simu ileile pamoja na namba ya siri ya mwenyewe. Ndiyo maana bodi ya asili haipaswi kutupwa, na namba ya siri haipaswi kusahauliwa.

Sababu za kawaida

* Betri kuisha kabisa. Betri ya lithiamu ikishuka mno, simu haiwezi kuonyesha hata alama ya chaji kwa muda. Paneli ndogo ya sola inaweza kushindwa kutoa umeme wa kutosha, hasa siku za ukungu.
* Baridi. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi. Betri iliyochakaa hutoa nguvu kidogo zaidi ikipoa, na simu huweza kuzima ghafla ingawa ilionyesha kuwa na chaji.
* Maji na unyevu. Hutokea zaidi wakati wa masika, Machi hadi Mei. Pia simu iliyopoa ikiingizwa katika jiko lenye mvuke, matone madogo huweza kujikusanya ndani yake.
* Kioo kuharibika. Simu inaita au kutetemeka lakini haionyeshi kitu. Hapo simu imewaka; kilichokufa ni kioo.
* Mfumo endeshi kuharibika. Simu hukwama kwenye nembo au hujizima na kujiwasha mfululizo, kwa mfano baada ya hifadhi kujaa au sasisho kukatika njiani.

Hatua za kufuata

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia zile zisizogusa data kabisa.

1. Kama simu imelowa, izime na usiichaji. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ifute, kisha iache mahali pakavu penye hewa kwa siku moja au zaidi. Usiianike karibu na moto. Kuifukia kwenye mchele hakushauriwi. Kampuni ya Apple imeonya kuwa chembe za mchele zinaweza kuidhuru simu.
2. Kama haikulowa, safisha tundu la chaji kwa kijiti kikavu cha mti, si cha chuma. Tumia chaja na waya unaojua kuwa ni vizima, na uiache kwenye umeme wa uhakika kwa saa moja kabla ya kukata tamaa.
3. Ilazimishe kuwaka upya. Katika simu nyingi za Android, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 20. Katika iPhone 8 na za baadaye, bonyeza na kuachia kitufe cha kuongeza sauti, halafu cha kupunguza sauti, kisha shikilia cha pembeni mpaka nembo itokee. Hatua hii haifuti kitu.
4. Ipigie simu hiyo. Ikiita, tatizo ni kioo, kibadilishwe kwanza.
5. Android ikikwama kwenye nembo, fungua menyu ya urejeshaji. Vitufe vya kuifungua hutofautiana kwa aina ya simu. Maneno "Wipe cache partition", ambayo hayapo katika simu zote, hufuta faili za muda tu. Maneno "Wipe data/factory reset" hufuta kila kitu cha mwenye simu, usiyachague.
6. iPhone ikikwama, iunganishe na kompyuta na kuiweka katika hali ya urejeshaji. Chagua "Update", inayoweka mfumo upya bila kufuta data. "Restore" hufuta.

Kumpelekea fundi

Hatua hizo zikishindikana, simu ipelekwe kwa fundi. Kabla ya kuiacha, mwenye simu atoe laini na kadi ya kumbukumbu, kisha aseme wazi kwamba anachotaka kuokoa ni data, si simu. Bila maelezo hayo, fundi anaweza kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Mara nyingi kazi hiyo hufuta data, na kwa simu iliyosimbwa ikishafutwa hairudi. Fundi aombwe kupima kwanza betri, tundu la chaji na kioo, na asiifute bila ruhusa.

Ni vizuri pia kusubiri na kuiona ikitengenezwa, au kuandika namba ya siri mwenyewe badala ya kuitaja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini picha ikishasambaa ni vigumu kuirudisha.

Laini na pesa za simu

Pesa za M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, na za huduma nyingine kama hiyo hazikai ndani ya simu. Kumbukumbu za salio ziko kwa kampuni na zimeunganishwa na namba. Laini ikihamishiwa simu nyingine, hata ya kitochi, mwenyewe huona salio lake kwa kupiga menyu ileile, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuharakisha kufuta simu kwa hofu ya pesa.

Namba za watu zilizohifadhiwa kwenye laini huhama nayo. Zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya Google hurudi mtu akiingia katika akaunti hiyo kwenye simu nyingine. Zilizohifadhiwa kwenye simu peke yake hubaki humo.

Kinga

Njia ya uhakika ni kuwa na nakala mahali pengine kabla simu haijaharibika: namba kwenye akaunti ya Google, picha kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, na nakala ya WhatsApp kwenye akaunti. Pale mtandao unapokuwa hafifu au vifurushi ni ghali, nakala inaweza kufanywa siku ya kwenda mjini. Namba muhimu na hesabu za madeni ziandikwe pia kwenye daftari la karatasi.