Kidhibiti Kinajua Nini? Kati ya Mlinganyo na Data

Jumamosi iliyopita mwenzangu wa chumba alipika chapati (mlezi wa bweni naomba asiusome mstari huu). Ya kwanza iliungua. Ya pili ikatoka mbichi katikati. Kuanzia ya nne hivi zikawa chapati kweli, laini, zenye madoa ya kahawia. Hakupima joto la kikaango wala hakuandika hesabu yoyote. Aliangalia kilichotokea, akapunguza moto, akaangalia tena.

Yeye anasoma uhandisi wa umeme, mimi nasoma ualimu wa fizikia na hisabati. Nilipomtania kwamba amepoteza chapati mbili bure, akajibu kwamba hazikupotea, zilikuwa data. Tukabishana mpaka usiku, na nimeona nilete ubishi wenyewe hapa, kwa sababu si wa chapati tu. Mashine inayojiongoza yenyewe, ujuzi wake inautoa wapi?

Tuanze na msingi. Mfumo wa kudhibiti unafanya mambo matatu: unapima hali ilivyo, unailinganisha na hali inayotakiwa, kisha unasahihisha tofauti. Boya la kwenye tanki la maji linafanya hivyo hivyo: maji yakipanda, boya linapanda na kufunga bomba. Kule kupima matokeo na kuyarudisha kwenye uamuzi ndiko tunakoita mrejesho.

Shida ni kiasi cha kusahihisha. Ukisahihisha kidogo mno, unachelewa. Ukisahihisha kwa nguvu mno, unapitiliza, unarudi, unapitiliza tena upande wa pili, na mfumo unaanza kuyumba. Injini za mvuke za James Watt zilifungwa kidhibiti mwendo tangu 1788: mipira miwili ya chuma inayozunguka, injini ikikimbia mipira inatanuka na kubana valvu ya mvuke. Lakini injini zenye vidhibiti vya namna hii zilikuwa na tabia ya kupanda na kushuka mwendo bila kutulia. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika milinganyo ya mwendo wa vidhibiti hivyo na kuonyesha ni lini mfumo utatulia na ni lini utayumba. Hiyo ndiyo njia ya modeli: kwanza elewa kitu kwa hesabu, ndipo ukiongoze.

Njia ya pili ni ya mpika chapati, na isidhaniwe kwamba imeletwa na kompyuta za juzi. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky alichapisha kazi yake kuhusu kuongoza meli bila mtu kushika usukani. Alianza kwa kuwaangalia mabaharia. Akaona kwamba mshika usukani mzuri haangalii tu meli imepinda kiasi gani sasa hivi. Anaangalia pia imekuwa ikipinda kwa muda gani, na inazidi kupinda kwa kasi gani. Mambo hayo matatu ndiyo kidhibiti cha PID, ambacho mpaka leo ndicho kinachotumika zaidi viwandani.

Sasa, namba za hayo mambo matatu utazipataje kama huna mlinganyo wa mtambo? Ziegler na Nichols walitoa jibu 1942. Tumia sehemu ya kwanza peke yake na uongeze nguvu ya masahihisho polepole mpaka mtambo uanze kuyumba kwa kipimo kilekile, bila kuzidi wala kupungua. Andika nguvu hiyo na muda wa yumbo moja. Tuseme umepata nguvu 10 na muda wa dakika 4. Kanuni yao inasema: weka nguvu 6 (asilimia 60), muda wa kukusanya makosa dakika 2 (nusu), na muda wa kukisia mbele nusu dakika (sehemu ya nane). Basi. Hujajua chochote kuhusu kilichomo ndani ya mtambo, na unaendeshwa. Mimi kanuni hii inanifurahisha mno.

Ila ina mpaka, na mpaka wenyewe ndio ulionifanya nibishane. Mwenzangu anajua jiko la gesi na kikaango kile. Mpe jiko la mkaa, anaanza upya. Na kama siku ile angeacha moto uleule mwanzo mpaka mwisho, angejua nini kuhusu moto mdogo? Hakuna. Wanahisabati wana namna kamili ya kulisema hili: Jan Willems na wenzake walithibitisha 2005 kwamba, kwa mifumo ya mstari, kumbukumbu moja ya vipimo inaweza kuchukua nafasi ya modeli nzima, ila kwa sharti kwamba wakati wa kupima mfumo uwe umechokozwa vya kutosha, kwa namna mbalimbali. Data ya mfumo uliolala haifundishi.

Kwenye chapati gharama ni unga. Kwenye ndege ni mtu. Ndege ya roketi ya Marekani, X-15, moja kati ya zile tatu ilifungwa kidhibiti kilichojirekebisha chenyewe, MH-96. Badala ya kutegemea jedwali la namba za kila kasi na kila kimo, kilipandisha nguvu ya masahihisho hukohuko angani mpaka kihisi yumbo dogo, kisha kikapunguza. Ni kama Ziegler na Nichols wanaofanya kazi bila kupumzika. Neil Armstrong ndiye aliyeirusha kwanza ndege hiyo, Desemba 1961, na kwa miaka karibu sita mpango ulikwenda vizuri.

Tarehe 15 Novemba 1967 rubani Michael Adams alipanda nayo mpaka kilomita 81 hivi. Chanzo cha ajali hakikuwa kimoja: umeme ulisumbua, na ndege ikageuka upande pasipo rubani kutambua. Iliporudi kwenye hewa nzito ikaanza kuzunguka hovyo. Adams alitoka kwenye mzunguko huo. Lakini kidhibiti kikaingia kwenye yumbo lake chenyewe na hakikupunguza nguvu kama kilivyotakiwa. Ndege ikakatika vipande, Adams akafa. Kidhibiti kilikuwa kwenye hali ambayo kanuni yake ya kujirekebisha haikuiweza.

Nilidhani hapo nimeshinda ubishi. Mwenzangu akauliza: na modeli nayo, nani amekwambia inajua kila kitu? Ni kweli. Mlinganyo unaanza na kile ulichokiacha nje. Unaacha msuguano, unaacha upepo, halafu vinakuja kudai haki yao.

Ndiyo maana kazi iliyonivutia zaidi ni ya 2022 kule Lausanne, Uswisi, ambako DeepMind na watafiti wa EPFL waliongoza plasma ndani ya mtambo wa TCV kwa koili 19 za sumaku. Kidhibiti kilijifunza kwa kujaribu na kukosea, kama mpika chapati, lakini majaribio yalifanyika ndani ya simulizi ya kompyuta iliyojengwa kwa milinganyo ya fizikia. Data ilitoka kwenye modeli. Na kwa kuwa watafiti walijua ni wapi modeli yao haiaminiki, walipanga mafunzo kwa namna ya kukifukuza kidhibiti kisikaribie maeneo hayo. Baada ya hapo ndipo kikapewa mtambo wenyewe.