Kilichomo Ndani ya Gunia la Mchanga wa Dhahabu

Nchini Marekani kuna watu ambao burudani yao ya wikendi ni kuketi uani na karai la plastiki, wakiosha mchanga walioununua dukani. Mchanga huo hufungwa kwa pakiti kama unga wa ugali, na ndani yake mna chembe chache za dhahabu ambazo mnunuzi anazitafuta kwa maji na subira. Video za mchezo huo zinafika Kayole, Umoja na Buruburu kwa simu zilezile tunazotumia kulipia stima, na mtu ana haki ya kujiuliza: kama Mmarekani anayekaa mbali na mto wowote wenye dhahabu anaweza kuiosha nyumbani kwake, kwa nini mkazi wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, asiweze, ilhali Migori na Kakamega ni safari ya usiku mmoja tu kwa basi? Karai zuri la bati linafuliwa hapa hapa Kamukunji, maji yako mtungini, na gunia la kilo 20 linaweza kusafirishwa kama gunia la viazi vitamu. Nauchukulia kwa uzito mchezo huu, kwa sababu una elimu ndani yake na unatuliza akili. Lakini katika mazungumzo yote kuhusu gunia la namna hii, swali linaloulizwa huwa moja tu, yaani mna dhahabu kiasi gani. Mimi nashikilia kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni: mna nini kingine?

Hata hivyo tuanze na dhahabu yenyewe, maana ndiyo inayomvuta mtu. Migodi mikubwa duniani huhesabu mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa kila tani kuwa mwamba mzuri. Tani moja ni kilo 1,000, kwa hiyo gunia la kilo 20 la mwamba wa aina hiyo lina gramu 0.1 ya dhahabu, yaani uzito wa njiti moja ya kiberiti, na kwa kuwa dhahabu ni nzito mno, ukubwa wake haufiki hata nusu ya punje ya mchele. Mnamo Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Hiyo ilikuwa kama shilingi 16,500 za Kenya kwa gramu moja ya dhahabu safi. Kwa bei hiyo, gunia letu lina mali ya shilingi 1,650 kabla ya kuondoa nauli, bei ya mchanga wenyewe, na dhahabu inayoponyoka karaini, ambayo kwa mkono wa mwanafunzi inaweza kuwa nusu au zaidi. Atakayesema kwamba mwamba wa Kakamega una utajiri zaidi ya huo, na azidishe hesabu mara mbili. Ukitoa gharama hizo, bado haitoshi kodi ya chumba kimoja. Tena muuzaji naye anajua kuhesabu. Angekuwa na hakika kwamba guniani mna dhahabu ya shilingi 5,000, asingeliuza kwa 2,000. Anayenunua mchanga kwa ajili ya burudani analipia saa chache za kufurahi na kujifunza, kama anavyolipa kiingilio cha mpira. Anayenunua akitarajia faida ameshapata hasara siku ya kununua.

Kukisia kilichomo mchangani ni kazi iliyowashinda hata wenye nguvu. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, katika bandari ya Dar es Salaam, na Rais John Magufuli akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ichunguze kilichokuwamo. Kamati ilisema dhahabu ni nyingi kuliko ilivyotangazwa, kampuni iliyouchimba ikakanusha, na mzozo ukaendelea hadi mwaka 2019, ambapo Barrick, kampuni mama yake, ilikubali kulipa dola milioni 300 na kuunda kampuni ya ubia na serikali, Twiga Minerals. Huo ni mchanga uliotoka kwenye migodi rasmi, wenye maabara pande zote mbili, na bado watu hawakukubaliana kuhusu kilichomo. Sasa fikiria gunia lisilo na karatasi hata moja, linaloshushwa stendi ya mabasi ya Machakos, hapa jijini, alfajiri.

Tatizo kubwa linaanzia kwenye asili ya dhahabu yetu. Pakiti za Marekani kwa kawaida ni kokoto za mtoni, au mchanga uliosafishwa kisha ukatiwa chembe za dhahabu na muuzaji mwenyewe. Mto umeshafanya kazi ya maelfu ya miaka: umevunja mwamba, umepeleka mbali madini mepesi na yanayoyeyuka, ukaacha dhahabu huru iliyotulia chini kwa sababu uzito wake ni mara 19 ya maji, wakati mchanga wa kawaida hauzidi mara tatu. Ndiyo maana karai linafanya kazi. Unalitikisa ndani ya maji, kilicho kizito kinazama, unaliinamisha kidogo, chepesi kinatoka, mwisho unabaki na mchanga mweusi wenye chuma, ambao sumaku huuondoa, na pengine mstari mwembamba wa manjano. Kenya nayo ilianzia mtoni. Dhahabu iliyowaleta walowezi mbio Kakamega kuanzia mwaka 1931 iligunduliwa kwenye mchanga wa mito, na haikuchukua muda kabla ya watu kuhamia miambani, ambako mgodi wa Rosterman uliendelea hadi mwaka 1952. Leo wachimbaji wadogo wengi wa Migori na Kakamega hushuka mashimoni kufuata mishipa ya mawe meupe, huyapandisha juu, huyaponda, na kuyasaga hadi yawe vumbi. Dhahabu ya mwamba haikai peke yake. Hukaa pamoja na salfa na chuma katika pairaiti, ile dhahabu bandia inayong'aa na kuwadanganya wengi, na mara nyingi pia pamoja na aseniki na risasi, metali tunayoijua kutoka kwenye betri za magari. Jiwe likiwa zima, sumu hizo zimefungwa. Likisagwa, zimefunguliwa.

Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, ilijifunza hilo kwa namna ya kutisha. Mwaka 2010 watoto wadogo walianza kufa vijijini kwa degedege, na mwanzoni watu walidhani ni malaria au homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya damu vilionyesha risasi kwa viwango ambavyo madaktari hawajazoea kuviona kwa mtu aliye hai. Chanzo kilikuwa magunia ya mawe ya dhahabu. Wanaume waliyaleta nyumbani kutoka machimboni, mawe yakapondwa uani na kusagwa kwa mashine zilezile za kusagia unga, vumbi likatua juu ya mikeka, visimani, na mikononi mwa watoto wanaotambaa. Zaidi ya watoto 400 walifariki. Ili kuwaokoa waliosalia, ilibidi tabaka la juu la udongo likwanguliwe nyumba kwa nyumba, na matibabu yakaendelea kwa miaka. Wazazi wale hawakuwa wazembe; hawakujua tu. Waliona gunia la mawe, wakawaza dhahabu iliyomo, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kuhusu yale mengine.

Kwamba mwamba wa Migori ni sawa na wa Zamfara, hilo silisemi. Miamba hutofautiana hata kati ya shimo na shimo, na hapo ndipo penye hoja: rangi ya mchanga haikuambii, ladha haikuambii, na aliyekuuzia hajapima. Anachokijua muuzaji ni dhahabu, kwa kuwa ndiyo aliyoitafuta. Risasi na aseniki hazijulikani naye wala nawe. Na Eastlands si kijiji chenye ua mpana. Ploti ya ghorofa tano ina familia nyingi zinazotumia ngazi moja, bomba moja na kamba moja ya nguo. Mtoto wa ghorofa ya chini ndiye anayecheza pale maji ya karai yanapomwagwa. Upande huu wa jiji tayari umebeba mzigo wake. Uchunguzi uliotolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, mwaka 2007 kuhusu jalala la Dandora ulipima watoto 328 wa maeneo ya jirani na kukuta nusu yao wana risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kule Mombasa, mahakama iliamua mwaka 2020 kwamba wakazi wa Owino Uhuru walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri walipwe shilingi bilioni 1.3, lakini hakuna hukumu inayoitoa risasi kwenye mifupa. Mtaa wenye historia kama hii hauna nafasi ya kuongezewa vumbi kwa ajili ya mchezo.

Kisha kuna zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kushika dhahabu: huimimina kwenye mchanga uliosagwa, inagandamana na chembe za dhahabu, halafu donge hilo huchomwa kwenye makaa hadi zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki. Mchanga unaobaki baada ya kazi hiyo, ambao wachimbaji wa Tanzania huuita marudio, bado una dhahabu kidogo, na una zebaki pia. Fikiri kama mfanyabiashara: mchanga wenye dhahabu nzuri una wanunuzi palepale machimboni. Ule unaoweza kuuzwa kwa bei rahisi kwa mtu wa mbali, ambaye hajawahi kushika karai, ni upi? Naamini gunia la bei nafuu ndilo linalopaswa kuogopwa kuliko yote, kwa kuwa uwezekano ni mkubwa kwamba limeshaoshwa mara moja na sumu ikaachwa ndani. Na anayeshawishika kununua kichupa cha zebaki ili asipoteze chembe ndogo, aelewe kwamba mvuke wake hauonekani, ukivutwa kwa pumzi huingia moja kwa moja kwenye damu hadi ubongoni, na hukaa ndani ya chumba ukijificha kwenye mapazia na godoro. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unataja matendo manne ya uchimbaji mdogo ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha, na mojawapo ni kuchoma donge la zebaki katika maeneo ya makazi. Ulimwengu mzima ulikaa mezani, ukayaona madhara yote ya zebaki, ukaona jiko lililo karibu na nyumba linastahili kutajwa peke yake.

Wapo watakaosema: mbona watu wa Migori wanafanya kazi hii kila siku na wanaishi? Wanaishi, ndiyo, na wapo wanaolipa kwa mapafu na mikono inayotetemeka. Wao wanafanya hivyo kwa sababu ya chakula cha watoto. Hatari inayobebwa na mtu asiye na njia nyingine si kipimo cha hatari ya kubebwa na mtu anayetafuta burudani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nikimkataza kila mtu, nitakuwa nimeua elimu nzuri: mtoto wa shule ya Makadara akiona kwa macho yake jinsi kizito kinavyozama na chepesi kinavyochukuliwa na maji, amejifunza fizikia na jiolojia ya nchi yake kwa siku moja. Nakubaliana na hilo kabisa. Ndiyo maana sisemi karai litupwe. Kwa mazoezi, mchanga safi wa mto uliochanganywa na vipande vidogo vya risasi ya kuvulia samaki nisingeutaka, lakini uliotiwa misumari midogo ya chuma iliyokatwakatwa unatosha kumfundisha mtu mkono wa kuosha. Aliyeweza kurudisha vipande vyote 10 kati ya 10 ameshakuwa mwoshaji. Na anayetaka dhahabu ya kweli kwa ajili ya mchezo, achague kokoto za mtoni zisizosagwa, zenye muuzaji anayejulikana na mahali zilikotoka, aoshe nje, ndani ya beseni ambalo maji yake yanatulia na kutumika tena. Kwa mitaa ya mgao wa maji, hiyo ni faida nyingine.

Sheria nayo iko. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema madini yote ni mali ya Jamhuri, yakishikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na biashara ya madini inahitaji leseni. Muulize muuzaji leseni yake kabla ya kuuliza bei. Asiyekuwa nayo hana pia rekodi ya shimo alikotoa mchanga, na bila rekodi hiyo hakuna wa kumrudia ukigundua ulichouziwa.

Ikiwa gunia tayari liko nyumbani, usilifungue wala usiliponde. Lifunge kwenye karatasi ya nailoni, uliweke mbali na watoto, na usimwage chochote bafuni au kwenye mtaro. Wizara ya madini ina ofisi zake Madini House, Barabara ya Machakos, Industrial Area, safari fupi kutoka Donholm au Makadara. Nenda kaulize kuhusu kupima sampuli, na uombe wapime risasi, aseniki na zebaki pamoja na dhahabu. Hadi majibu yatoke, karai likae kavu.