Juni katika Bustani ya Shule

Mwalimu wa Uingereza anayetaka wanafunzi wake wale njegere walizopanda wenyewe hana budi kupiga hesabu za kalenda. Shule hufungwa karibu na mwisho wa Julai na kufunguliwa Septemba, kwa hiyo kinachoiva Agosti huiva bila mlaji. Ndiyo maana njegere, figili na saladi huingia ardhini Machi na Aprili. Nyanya na maboga, ambayo watoto wangeyafurahia zaidi, mara nyingi huishia kuwa karamu ya konokono.

Kwa aliyesoma Tanzania enzi za Elimu ya Kujitegemea, "shamba la shule" ni jembe, mahindi na pengine adhabu ya kuchelewa namba. Uingereza mambo ni tofauti: ni matuta machache yaliyozungushiwa mbao kando ya uwanja wa kuchezea. Royal Horticultural Society, chama cha bustani kilichoanzishwa 1804, kilizindua mwaka 2007 kampeni ya kuhimiza shule ziwe na bustani. Hakuna anayetarajia kujaza ghala. Cha muhimu ni mtoto wa mjini kuchuma ganda la njegere, kulipasua na kula papo hapo.

Juni ndio mwezi wenyewe. Mjini London jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kutua baada ya saa 3 usiku, na kila chenye uhai huwa mbioni. Kidimbwini viluwiluwi wameshaota miguu, ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, huku mkia ukinywea. Mvua ikinyesha, vyura wadogo kama ukucha wa kidole hutoka majini na kutawanyika nyasini. Kidimbwi chenye kingo zilizosimama wima huwatesa. Jiwe moja la kupandia linatosha kuwaokoa.

Kwenye maharage, vidukari weusi wamejipanga kwenye machipukizi laini, na sisimizi wa bustani wanawalinda ili wapate utomvu mtamu wanaoutoa. Adui wa vidukari ni lava wa yule mdudu wa duara, mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Lava huyo hafanani hata kidogo na mzazi wake: ni mrefu, wa kijivu, ana alama za rangi ya chungwa na sura ya kutisha. Watoto wengi humponda wakidhani wanaokoa mazao, kumbe wanaua askari wao. Somo hili pekee linahalalisha gharama ya bustani.

Darasani nako kuna jambo. Shule nyingi hufuga viwavi wa kipepeo aitwaye *Vanessa cardui*, mwenye mabawa ya rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe. Pupa huning'inia kwa wiki moja hivi au zaidi, kisha kipepeo hutoka na kudondosha majimaji mekundu. Hapo kelele hazikosekani, maana watoto hudhani ni damu. Ni uchafu tu uliobaki mwilini alipokuwa akibadilika.

Kipepeo huyo anapatikana Afrika Mashariki pia. Wale wa porini wanaofika Uingereza mwanzoni mwa kiangazi wametoka kusini, katika safari inayopokezanwa na vizazi kadhaa na inayofika hadi ng'ambo ya Sahara. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hufia kaskazini, kwa kuwa hawakuonekana wakirudi. Rada zilizochunguzwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba hurudi kweli, ila hupita juu mno, mamia ya mita angani, jicho lisipofika.

Juu ya mapaa ya shule, teleka weusi hukimbizana wakipiga kelele kali. Hawa hukaa msimu wa baridi katika misitu ya Kongo na maeneo ya jirani, kisha hufika Uingereza mwanzoni mwa Mei. Baadhi ya shule huwatundikia masanduku ya viota chini ya paa, kwa sababu majengo ya kisasa hayana nyufa za kutagia. Kufikia mapema Agosti wengi wao huwa wameshaondoka, wakati wazazi waliojitolea wangali wanapeana zamu za kumwagilia matuta.